Fremu ya Ishirini na Nne

Mpiga kengele wa shule ya bweni anaweza kusamehewa mengi. Anaweza kusamehewa shati lisilo na vifungo, na hata kusinzia mkutanoni. Kuchelewa hasamehewi, kwa sababu akichelewa yeye wamechelewa watu mia nne na ishirini, wakiwemo walimu, mpishi, na jogoo wa mpishi, ambaye alikwishazoea kuwika baada ya kengele ili asijiaibishe.

Nukta alikuwa amechelewa mara tatu.

Jina hilo alipewa na wanafunzi, nao hawakumwonea. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita, mwenye mke na ndevu, lakini akisimama kando ya mlango wa bwalo, mgeni angedhani mtu kasahau mwavuli wake pale. Kazi yake ilikuwa kugonga kipande cha reli kilichoning'inia kwenye nguzo katikati ya uwanja. Mapigo tisa ya haraka, saa kumi na mbili kamili asubuhi, ya kuamsha. Matatu ya chakula. Mawili ya vipindi. Na pigo mojamoja, la polepole, lenye kimya kirefu katikati, lilikuwa la msiba, nalo kwa miaka kumi na moja alikuwa amelipiga mara mbili tu.

Miaka yote hiyo aliishi chumba cha kupanga nyuma ya ukuta wa shule. Kisha upepo ukaja, ukalichukua paa la chumba kile, ukaenda nalo bila kuaga. Yeye na mkewe wakahamia kwa wakwe, kilomita nane kutoka shuleni. Kwa miguu ya mtu wa kawaida ni kilomita nane. Kwa miguu ya Nukta zilikuwa kumi na mbili.

Mwalimu Mkuu hakumpigia kelele. Afadhali angempigia. Alimwita ofisini akamwonyesha karatasi yenye picha ya kisanduku cheupe, kina saa ndani na spika juu.

"Kengele ya umeme," alisema yule mama, akivua miwani. "Haina mkwe. Haina matope. Haina kilomita. Ukichelewa mara ya nne, naiagiza. Sipendi, lakini naiagiza. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu."

"Sasa utafanyaje?"

"Baba mkwe ameahidi kuninunulia baiskeli."

"Mwambie awahi," alisema Mwalimu Mkuu. "Kuanzia Jumatatu naisimamia saa mwenyewe."

Basi Jumanne mchana, baada ya kengele ya chakula, Nukta akaenda kwa fundi wa baiskeli, banda la bati karibu na stendi. Fundi alikuwa mwanamke mpana, mcheshi, mwenye spana mfukoni pale ambapo wenzake huweka kalamu.

"Unaenda wapi na baiskeli?" aliuliza.

"Kazini tu. Kwenda na kurudi."

"Vilima?"

"Kimoja, cha kuona haya."

"Basi chukua ya gia moja. Hakuna cha kuharibika. Ila ya gia moja haichagui mtu, mtu ndiye anachagua fremu. Ukikosea fremu, utaendesha majuto. Vua viatu."

"Viatu vya nini tena, dada?"

"Napima mguu, kaka, sipimi soli. Simama, mgongo ukutani. Tanua kidogo. Shika hili daftari, libane katikati ya mapaja, uti wake juu. Pandisha. Pandisha tena. Kaka, hilo ni daftari, si yai! Pandisha mpaka ukae juu yake kama unavyokaa kwenye tandiko."

Nukta alipandisha. Wapita njia wawili walisimama kutazama maendeleo. Fundi akapima kutoka uti wa daftari hadi sakafuni.

"Inchi ishirini na saba. Theluthi mbili yake ni kumi na nane. Fremu yako ni ya kumi na nane. Weka daftari, njoo."

Akamtolea baiskeli nyeusi, ya gia moja, isiyo na pambo lolote. Nukta alivusha mguu, akasimama juu ya bomba la juu, nyayo zote mbili zikiwa chini, na fundi akapitisha vidole viwili kati ya bomba na suruali bila hata kuomba radhi.

"Vidole viwili. Hapo ndipo penyewe. Ukisimama ghafla, unasimama kwa miguu yako, husimami kwa sala. Kaa sasa. Kanyaga."

Akakaa. Pedali ilishuka hadi chini nao unyayo ukaifuata, goti likabaki limekunjika kidogo tu, vizuri. Nukta alikanyaga tena. Kila kitu alichowahi kuvaa katika maisha yake kilikuwa kimekunjwa mahali: suruali chini, mikono ya koti, hata kofia ya harusi ilitiwa gazeti ndani. Hiki kilikuwa kitu cha kwanza kilichomfikia kama kilivyo. Alizunguka banda mara moja, akazunguka mara ya pili bila sababu.

"Nakuwekea mpaka Jumamosi," alisema fundi. "Kumi na nane. Usisahau. Usimsikilize mtu mwingine."

Ushauri ulikuwa mzuri. Ulitolewa kwa mtu asiyefaa.

Baba mkwe wa Nukta alikuwa seremala, na katika useremala alikuwa amechagua tawi lisilokosa wateja: majeneza. Miaka thelathini na moja alikuwa akipima watu, na mazoea yalimkaa mwilini. Alikuwa akikusalimia jicho lake linaanzia utosini, linashuka taratibu hadi vidoleni, halafu anatikisa kichwa kwa kuridhika, nawe unaenda zako ukijihisi umeshachongewa ubao. Lakini alikuwa mtu mwema. Paa lilipoondoka hakuuliza maswali. Aliwapa mkwe na binti yake chumba chake mwenyewe, akahamia na mkewe kile kidogo cha nyuma. Kila Nukta alipotaka kumpinga kwa lolote, alikumbuka kitanda alicholalia.

Jioni hiyo, mezani, Nukta alisafisha koo.

"Baba, nimekwenda kwa fundi. Fremu yangu ni ya kumi na nane."

Baba mkwe aliweka kijiko chini. "Kumi na nane? Ya mtoto hiyo. Nani kapima?"

"Fundi mwenyewe, Baba. Yule mama wa stendi."

"Kapimaje?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nukta alimtazama mama mkwe, aliyekuwa akimtazama kwa upendo, akingoja kuelimishwa. Akaliona lile daftari. Akauona ule ukuta. Akayaona mapaja.

"Kwa... kitabu, Baba."

"Kitabu?"

"Kitabu."

"Kinawekwa wapi, mwanangu?" aliuliza mama mkwe, kwa nia njema kabisa.

Mke wa Nukta, aliyekuwa ameshaelewa, aliingiza uso kwenye kikombe cha maji na kubaki humo.

"Ukutani," alisema Nukta. Ilikuwa kweli kwa kiasi fulani.

"Loo!" Baba mkwe alisukuma kiti nyuma. "Mtu mzima anapimwa kwa kitabu, kama anaandikishwa darasa la kwanza! Mimi nipo, futi kamba ipo, mkwe wangu anakwenda kupimwa barabarani! Inuka. Twende karakana."

Karakana ilinukia mbao mbichi na vanishi. Majeneza mawili yalisimama ukutani yakingoja wenyewe, na katikati palikuwa na benchi refu.

"Lala," alisema baba mkwe.

"Nilale, Baba?"

"Mtu hupimwa amelala. Akisimama anadanganya."

Nukta akalala. Alijua mguu wa baiskeli hupimwa kwa ndani. Baba mkwe naye aliambiwa na Nukta, kwa sauti ya chini na kwa mafumbo mengi, kwamba fundi anataka urefu wa mguu "kutoka juu". Lakini juu wapi? Mkwe ni mkwe. Hakuna seremala mwenye adabu zake atakayepeleka futi kamba katikati ya mapaja ya mume wa binti yake, na hakuna mkwe mwenye adabu zake atakayemwelekeza. Adabu ya wote wawili ikaihamisha futi upande wa nje. Ikaanzia kwenye mfupa wa nyonga, ikapita goti, ikapita kifundo, na kwa kuwa wateja wa baba mkwe hulala vidole vikiwa vimenyooka, ikaishia kwenye ncha ya kidole gumba.

"Thelathini na tatu," alisema, akaandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao. "Na nafasi inchi tatu. Thelathini na sita."

"Nafasi ya nini, Baba?"

"Nafasi ni nafasi, mwanangu. Mtu asibanwe. Mimi sijawahi kumbana mtu." Akamwinua kwa mkono. "Miaka thelathini na moja, hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika."

Chumbani, mkewe alimkalisha kitandani.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba mguu unapimwa kwa ndani."

"Nimwambie baba yako hivyo? Mimi? Kwenye kitanda chake hiki hiki?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Usithubutu! Atajua kitabu kiliwekwa wapi."

"Na Jumatatu je?"

"Labda fundi atakataa kumuuzia," alisema Nukta. "Hewala haigombi, mke wangu."

"Haigombi," alisema mkewe, akizima taa, "lakini wala haishuki kwenye baiskeli."

Fundi hakukataa. Jumamosi baba mkwe alikwenda peke yake na kile kipande cha ubao, fundi akasoma thelathini na sita, akatafuta theluthi mbili, akapata ishirini na nne. Akauliza kama mwenyewe ni mtu mrefu. "Ni mkwe wangu," alijibu baba mkwe kwa fahari, jambo ambalo halikuwa jibu, ila lilifunga mjadala. Ile ndogo ya kumi na nane, iliyowekwa kando kwa ajili ya mtu mmoja mfupi, ikabaki inamngoja.

Mchana wote seremala alijifungia karakana. Alipofungua mlango, familia nzima iliitwa.

Baiskeli ilikuwa mbele ya benchi, ndefu, nyeusi, imetulia kama mnyama aliyelishwa. Bomba lake la juu lilikuwa sawa na kifungo cha tatu cha shati la Nukta. Nyuma, juu ya keria, baba mkwe alikuwa amefunga kwa skrubu nane sanduku la mbao la kubebea mizigo, lililopigwa vanishi mara tatu, refu kwenda juu, na kifuniko chenye mteremko ambacho kila mtu katika mtaa ule alikitambua. Na mbele, chini ya usukani, alikuwa amepigilia kibao cha shaba chenye jina kamili la mkwe wake kwa herufi za kuchonga, na chini ya jina mstari mtupu.

"Huo mstari?" aliuliza mama mkwe.

"Wa tarehe," alisema baba mkwe, akaona haya kidogo. "Mkono umezoea. Lakini unapendeza."

Ikaeleweka kwamba haitarudishwa dukani. Nukta aliitazama. Wote walikuwa wakimtazama yeye, na baba mkwe zaidi ya wote, mikono bado ina vanishi, uso umefunguka kama wa mtoto aliyechora picha.

"Inatosha?"

"Inatosha, Baba," alisema Nukta. "Ina nafasi."

Jumapili alifanya mazoezi. Kupanda kuliwezekana, kwa kutumia vigoda viwili vya karakana, kimoja juu ya kingine, na mke wa kushika. Kwenda kuliwezekana pia. Tandiko lilishushwa hadi mwisho, naye akawa anasukuma pedali ikiwa juu, kisha anaiachilia iende zake chini, anaingoja irudi, kama mtu anayengoja jirani arudishe sufuria. Breki zilikuwa nzuri sana. Tatizo halikuwa kusimama. Tatizo lilikuwa kinachofuata baada ya kusimama. Mguu haukugusa chini, wala nusu ya chini. Kuuvusha mbele, bomba lilikataa. Kuuvusha nyuma, sanduku lilikataa. Waliosema mpanda ngazi hushuka hawakuwahi kupanda fremu ya ishirini na nne. Alianguka mara tatu, na ya tatu mkono wa kulia ulikaa hadi jioni ukiwa umekataa kuinuka. Mpiga kengele hawezi kuanguka kila asubuhi. Jioni akagundua njia: kukaribia ukuta polepole, kuuegemea kwa bega, na kuteleza nao. Shuleni ulikuwapo ukuta mzuri sana wa jikoni. Akalala na ukuta huo mawazoni.

Jumatatu kulipopambazuka alikuwa barabarani. Kwenye makutano hakusimama, alipiga kelele tu, "Jamani, siwezi!" na watu waungwana wakampisha. Akaingia lango la shule saa kumi na mbili kasoro dakika sita. Hakuwa amewahi hivyo tangu paa liondoke. Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni mwa ofisi, saa mkononi, na uso wake, kwa mara ya kwanza katika muhula ule, ulielekea kwenye tabasamu.

Nukta akakata kona kuelekea jikoni. Ukuta haukuwapo.

Ulikuwapo, ila Jumamosi lori lilikuwa limeshusha kuni za muhula mzima, zimelala kando yake kuanzia pembe hadi pembe, mpaka usawa wa kifua. Kuta za madarasa zilikuwa na mitaro. Ukuta wa ofisi ulikuwa na waridi za Mwalimu Mkuu. Akazunguka uwanja mara moja, akitafuta. Kokoto mpya zilikuwa zimemwagwa kila mahali, kali kama meno.

"Umewahi!" aliita Mwalimu Mkuu. "Shuka basi!"

"Nakuja, Mwalimu!" alijibu Nukta, akimpita.

Akazunguka mara ya pili, mara ya nne, mara ya saba. Nguzo ya kengele ilikuwa katikati, imezungushiwa matofali yaliyosimamishwa upande, na nyundo ikining'inia kwenye msumari. Aliweza kuipita kwa umbali wa mkono, hakuweza kuiegemea. Kwenye dirisha la ofisi saa kubwa ya ukutani ilionekana vizuri, na mshale wake mrefu haukuwa na huruma hata kidogo. Ilipobaki dakika moja, Nukta alifanya kitu pekee kilichobaki: alipoipita nguzo alinyoosha mkono wa kushoto, akaikwapua nyundo. Na alipozunguka tena, saa kumi na mbili kamili, aliigonga reli.

Ngooong.

Akaenda zake. Akazunguka uwanja wote. Akarudi.

Ngooong.

Mabweni yalisikia. Pigo mojamoja, la polepole, lenye kimya kirefu katikati. Milango ilifunguka bila makelele, wanafunzi wakatoka wamejifunika mablanketi, vichwa chini, wakajipanga kwa madarasa kama walivyofundishwa. Mpishi alitoka amevua kofia. Jogoo alifungua mdomo, akafikiri, akaufunga.

"Nani kafa?" alinong'ona mmoja wa kidato cha pili.

"Sijui. Mungu akipenda, mtihani wa hesabu."

"Nyamaza, fala. Mbona Nukta yuko juu ya farasi?"

Ngooong.

Mlinzi wa lango, mtu wa wajibu, hakungoja kuuliza. Namba ya seremala wa majeneza ilikuwa imebandikwa ndani ya kibanda chake tangu msiba uliopita. Akapiga simu.

Pigo la tisa lilipigwa saa kumi na mbili na dakika sita. Watu mia nne na ishirini walisimama kimya kwa heshima, na katikati yao mtu mmoja mdogo, jasho linamtiririka, akiendelea kuzunguka, kwa kuwa hakuna aliyemwambia afanye nini kingine.

"Mshikeni!" alisema Mwalimu Mkuu hatimaye.

Kiranja mkuu na wenzake wanne wakamwotea kwenye kona, wakaidaka baiskeli usukani na sanduku, wakamteremsha Nukta kama watu wanavyoshusha picha ukutani. Miguu ikagusa kokoto, nyundo bado mkononi.

Mwalimu Mkuu alifika. Aliitazama baiskeli. Akasoma kibao cha shaba. Akatazama mstari mtupu chini yake kwa muda.

"Ulifika saa kumi na mbili kasoro sita," alisema. "Mimi ni shahidi. Hukuchelewa wewe. Imechelewa kengele. Sasa nieleze, maana nataka kukusaidia: hii fremu ni yako?"

Kabla hajajibu, gari la kubebea mbao liliingia langoni kwa kasi na kusimama kwa adabu. Baba mkwe akashuka, kofia kifuani, futi kamba shingoni.

"Poleni sana," alisema kwa sauti yake ya kazi. "Ni nani?"

Jicho lake lilitembea kwenye mistari ya wanafunzi, kwa mazoea, likipima, hadi likafika kwa mkwe wake, mzima, kando ya baiskeli. Uso wake ukalegea kwanza kwa ahueni, kisha kwa mshangao.

"Hakuna msiba," alisema Mwalimu Mkuu. "Mkweo hawezi kushuka. Nilikuwa namuuliza kama hii fremu inamtosha. Kama haimtoshi, kosa si lake, atabadilishiwa, na kesho atapiga kengele yake kama kawaida. Kama inamtosha, basi kosa ni lake." Akamgeukia Nukta, na sauti yake ilikuwa karibu kuomba. "Neno moja tu. Inakutosha au haikutoshi?"

Neno lenyewe alikuwa nalo. Lilikuwa limekaa ulimini tangu Jumanne, dogo, lenye silabi mbili: kubwa. Alifungua mdomo. Mbele yake baba mkwe alikuwa akimngoja, na vidole vya mzee vilikuwa bado na vanishi kwenye kucha. Alikuja mbio kilomita nane, koti limevaliwa juu ya nguo za kulalia. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Nukta angekuwa wa kwanza, tena mbele ya watu mia nne na ishirini.

"Mwambie, mwanangu," alisema baba mkwe polepole. "Usiogope."

"Inanitosha, Baba," alisema Nukta. "Inanitosha kabisa."

Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akageuka, akaingia ofisini, na mlango hakuubamiza.

Kengele ya umeme ilifika baada ya wiki mbili. Haijachelewa hata siku moja, na wanafunzi wanaichukia kwa moyo wote. Nukta hakufukuzwa. Mwalimu Mkuu alimpa kazi ya kukifuta vumbi kisanduku na kuitazama saa yake kama inakwenda sawa, kuanzia saa mbili asubuhi. Kwa saa hiyo mtu anaweza kufika kwa miguu.

Kila siku anatoka akiikokota baiskeli ubavuni, mkono mmoja kwenye usukani ulio juu ya sikio lake, na anapopita mbele ya karakana, baba mkwe huacha randa na kutoka nje na mteja wake.

"Ile mwaka wa pili huu," humwambia mteja. "Tazama matairi. Tazama mnyororo. Haijachakaa hata kidogo. Unajua siri? Vipimo."

Na mteja hutikisa kichwa kwa heshima, na Nukta, kutoka upande wa pili wa bomba la juu, humpungia baba mkwe mkono.